Kosa Moja, Vituo Vingi: Kinga Dhidi ya Kuadhibiwa Mara Mbili

Katika mikutano ya elimu kwa umma tunayoifanya Njombe mjini na Makambako, lipo swali ambalo halikosi kuulizwa. Mwenye mzigo husema: "Nilikamatwa hapa, nikalipa, nikapewa stakabadhi. Nilipofika mbele nikakamatwa tena kwa kosa lile lile. Je, hiyo ndiyo sheria?" Mkulima aliyeuziwa mbolea isiyo mbolea huliuliza kwa upande wake: "Muuzaji amekwisha kulipa faini serikalini. Nikimdai hasara yangu, si nitaambiwa kwamba mtu haadhibiwi mara mbili?" Maswali haya mawili yana mzizi mmoja, nao ni kanuni kongwe ya sheria ya jinai inayomkinga mtu asishtakiwe wala kuadhibiwa mara mbili kwa kosa moja. Somo hili linaeleza kanuni hiyo inasema nini, inaishia wapi, na ni karatasi zipi zinazoifanya imfae mtu aliyesimamishwa barabarani saa nane za usiku.

Makambako ni mahali panapofaa kujifunzia jambo hili. Hapo ndipo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma inapokutana na ile iendayo Njombe na Songea, na reli ya TAZARA nayo hupita hapo. Viazi mviringo, mahindi, mbao, chai na parachichi za Njombe kwa sehemu kubwa hupita katika njia panda hiyo. Gari la viazi, kabla halijafika sokoni Dar es Salaam, hupita mikoa ya Njombe, Iringa, Morogoro na Pwani. Njiani hukutana na maofisa wa vipimo, wa mizani za barabara, wa usalama barabarani, wa halmashauri, na wa misitu kama limebeba mbao. Kila mmoja ana sheria yake mkononi, na mwenye mzigo ana mfuko mmoja tu.

Kanuni yenyewe

Kanuni hii imeandikwa mahali pawili katika sheria za Tanzania Bara. Kwanza ni Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20. Kifungu chake cha 137, kwa namba za toleo la mwaka 2019, kinasema kwamba mtu aliyekwisha kushtakiwa katika mahakama yenye mamlaka, akatiwa hatiani au akaachiwa huru, hatashtakiwa tena kwa kosa lile lile na kwa mambo yale yale, maadamu uamuzi huo haujatenguliwa. Pili ni Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ambayo katika kifungu cha 21 inakataza mtu kuadhibiwa mara mbili kwa kosa moja, iwe kwa Kanuni hiyo au kwa sheria nyingine yoyote. (Namba za vifungu huweza kubadilika sheria zinapochapishwa upya, maneno ndiyo ya kushika.)

Msomaji makini ataona kwamba hatukutaja Katiba. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 13(6), inataja haki ya kusikilizwa kikamilifu, haki ya kuhesabiwa kuwa hana kosa mpaka ithibitike, na haki ya kutoadhibiwa kwa tendo ambalo halikuwa kosa lilipotendwa. Kinga dhidi ya kushtakiwa mara mbili haikuandikwa humo kwa jina lake. Majirani zetu wameiandika: Kenya katika ibara ya 50 ya Katiba yake ya mwaka 2010, na Uganda katika ibara ya 28 ya Katiba ya mwaka 1995. Kwetu kinga hii inakaa katika sheria za Bunge. Inalinda vilevile, lakini Bunge likitaka kuipunguza halina haja ya kugusa Katiba, na kwa maoni yetu hilo ni jambo la kuangaliwa.

Kwa nini kanuni hii iwepo? Serikali ina askari, mawakili, maabara na muda. Mshtakiwa ana fuso moja na pengine mkopo wa benki. Kama Serikali ingeruhusiwa kurudia shauri kila inaposhindwa, mwisho wake ingeshinda kwa kumchosha tu mtu, wala si kwa ushahidi. Na kama aliyekwisha kulipa angeweza kulipishwa tena, faini iliyowekwa na Bunge isingekuwa na kikomo.

Hata hivyo, kila neno katika kifungu cha 137 lina kazi yake. "Mahakama yenye mamlaka": hukumu ya mahakama isiyokuwa na mamlaka ya kusikiliza shauri husika haimkingi mtu. "Kutiwa hatiani au kuachiwa huru": lazima uwepo uamuzi. "Mambo yale yale" na "kosa lile lile": hapa ndipo ugomvi mwingi wa barabarani ulipo, na hapa tutakaa.

Gari moja la viazi

Tuchukue mfano wa kubuni. Mfanyabiashara amenunua viazi shambani nje ya mji wa Njombe, akavifungasha katika magunia 90 yenye vilemba vilivyoshonwa kwa kamba, yaani lumbesa. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, pamoja na kanuni zake, haimruhusu kufungasha zaidi ya kilo 100 katika gunia moja, na lumbesa hupita hapo kwa mbali. Mkulima ndiye anayeumia kwanza, kwa kuwa analipwa bei ya gunia na kutoa gunia na nusu. Gari linafika Makambako. Ofisa wa Wakala wa Vipimo analikamata kwa lumbesa. Kisha gari linapanda mizani ya barabara na kuonekana limezidisha uzito wa ekseli.

Je, huyu ameadhibiwa mara mbili kwa kosa moja? La. Amefanya mambo mawili yanayokatazwa na sheria mbili. Lumbesa ni kosa hata kama gari ni jepesi, na uzito wa ekseli ni kosa hata kama kila gunia limefungwa kwa kilo 50 kamili. Jaribio rahisi la kutumia ni kujiuliza: je, inawezekana kuthibitisha kosa la kwanza bila kuthibitisha la pili, na la pili bila la kwanza? Jibu likiwa ndiyo, kuna makosa mawili, hata kama yote yametokana na ukaidi mmoja. Kifungu cha 138 cha Sura ya 20 kinaruhusu kwa uwazi mtu aliyehukumiwa kwa kosa moja kushtakiwa baadaye kwa kosa jingine ambalo lingeweza kuunganishwa katika shauri la kwanza.

Sasa gari linaendelea. Linafika mizani ya Wenda, Iringa, nalo linapimwa tena. Uzito ni ule ule. Mwenye gari anasema, "Afande, nimeshalipa Makambako." Hoja yake inaonekana ya haki, lakini ina tundu. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza tarehe 1 Machi 2019, haiuzi ruhusa ya kuharibu barabara. Inataka mzigo upunguzwe au upangwe upya kabla gari halijaendelea na safari. Aliyelipa Makambako amelipia kilichofanyika mpaka Makambako. Akiondoka na uzito ule ule, anaanza tendo jipya. Wanasheria huita haya makosa yanayoendelea: hukumu au malipo hufunga kipindi kilichopita, wala hayaongezi uhalali kwa siku zijazo. Ni hivyo pia kwa tairi lililokwisha au taa isiyowaka. Dereva aliyeandikiwa kosa asubuhi Njombe hapati haki ya kuendesha na tairi hilo mwezi mzima.

Kuhusu lumbesa jambo ni gumu kidogo, na tunapenda msomaji aone ugumu huo. Kufungasha ni tendo linalomalizika. Magunia yale 90 yalifungwa siku moja, mahali pamoja. Ikiwa mtu ametiwa hatiani Makambako kwa kuyafungasha kinyume cha sheria, hawezi kutiwa hatiani Morogoro kwa kuyafungasha magunia yale yale. Lakini hati ya mashtaka ya Morogoro huenda isiseme "kufungasha". Huenda ikasema "kuuza" au "kusafirisha", nayo ni matendo mengine. Hivyo jibu hutoka katika maneno ya hati mbili zikiwekwa pamoja, si katika sura ya mzigo. Ndiyo maana tunamshauri kila aliyekamatwa kwa lumbesa afungashe upya hapo hapo, hata kama inagharimu vibarua na magunia mapya, aombe ofisa aliyemkamata aandike kwamba mzigo umefungashwa upya, na ndipo aondoke. Gharama hiyo inauma, lakini ni ndogo kuliko kubishana katika kila kituo hadi Kariakoo.

Tuongeze hapa jambo linalochanganywa mara nyingi. Ushuru wa mazao unaotozwa na halmashauri si adhabu. Mtu akitozwa ushuru mahali pawili kwa mzigo ule ule ana malalamiko ya msingi, nayo ayapeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri akiwa na stakabadhi ya kwanza. Lakini asiyaite kushtakiwa mara mbili, kwa sababu hakushtakiwa popote.

Mikoa si madola

Wapo wanaoamini kwamba kila mkoa unajitegemea, kwamba hukumu ya Njombe haifungi mikono ya Iringa. Imani hii haina msingi. Mikoa 26 ya Tanzania Bara ni mgawanyo wa utawala tu. Anayeshtaki ni mmoja, Jamhuri, iwe shauri liko Makambako au Kibaha. Sheria inaruhusu kosa lililotendwa safarini lisikilizwe katika mahakama yoyote ambayo mkosaji, au kitu kilichohusika na kosa, kilipita katika eneo lake wakati wa safari hiyo. Kwa hiyo shauri la mbao zilizosafirishwa bila kibali cha mazao ya misitu laweza kufunguliwa Njombe, Mafinga au Iringa. Laweza kufunguliwa mahali popote kati ya hapo, ila si kila mahali. Likisha kuamuliwa pamoja, pengine pote pamefungwa.

Nchi zilizoundwa kwa muungano wa majimbo yenye mamlaka kamili zina habari nyingine. Nchini Marekani, mtu mmoja aitwaye Larry Heath alipanga mkewe auawe. Mama huyo alitekwa nyumbani kwao katika jimbo la Alabama, na mwili wake ukakutwa katika jimbo jirani la Georgia. Heath alikiri kosa Georgia, akapewa kifungo cha maisha, akidhani ameepuka kifo. Alabama nayo ikamshtaki kwa mauaji yale yale na kumhukumu kifo. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba Katiba haikuvunjwa: kila jimbo ni dola lenye sheria zake, na tendo moja linalovunja sheria za madola mawili ni makosa mawili. Heath aliuawa kwa hukumu hiyo mwaka 1992. Mwaka 2019, katika shauri la Gamble, mahakama hiyo ilikataa kuiacha kanuni hiyo, safari hii kati ya jimbo na serikali ya shirikisho.

Je, sisi tuna kitu cha namna hiyo kati ya Bara na Zanzibar? Swali hili linawahusu wafanyabiashara wa Njombe, kwa maana viazi vyao hufika pia Unguja na Pemba. Zanzibar ina Mahakama Kuu yake, Mkurugenzi wa Mashtaka wake, na tangu mwaka 2018 ina Sheria mpya ya Adhabu na Sheria mpya ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Hata hivyo, mwaka 2000, katika shauri la Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar dhidi ya Machano Khamis Ali na wenzake 17, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema kwamba Zanzibar si dola kwa maana ya sheria za kimataifa, na kwamba kosa la uhaini haliwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Zanzibar, bali dhidi ya Jamhuri ya Muungano. Shauri lile lilikuwa la siasa, halikuwa la biashara, wala halikuamua suala la kushtakiwa mara mbili. Lakini linaonyesha kwamba hoja ya Alabama, ya madola mawili yaliyo sawa yanayoadhibu kila moja kwa haki yake, haiwezi kuletwa kwetu kama ilivyo. Mwenye mzigo ajue, pamoja na hayo, kwamba sheria za viwango na za biashara za Zanzibar ni nyingine. Bidhaa iliyotozwa faini bandarini Dar es Salaam kwa kosa la upande huu yaweza kuwa na kosa la pili, tofauti, upande ule.

Mipaka ya kweli

Tunduma si mbali na Makambako kwa mwendo wa lori, na mbele yake ni Zambia. Mwenye kuvusha mahindi kwa njia za panya huweza kuwa amevunja sheria za usafirishaji nje kwetu na sheria za forodha kwao. Hayo ni matendo mawili, kutoa na kuingiza, na kila nchi ina haki ya kuadhibu lake. Zaidi ya hayo, Kanuni ya Adhabu yetu inazipa mahakama mamlaka juu ya raia wa Tanzania hata kwa makosa aliyoyatenda nje ya nchi, na juu ya matendo ambayo sehemu yake tu ilifanyika ndani.

Hakuna sheria moja ya dunia inayosema kwamba hukumu ya nchi moja inazifunga nchi zote. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1976, unakataza kushtakiwa mara mbili katika ibara ya 14(7), lakini umefasiriwa kuwa unahusu ndani ya nchi moja. Nchi zinazotaka kinga ivuke mipaka huandika mkataba. Nchi za Ulaya za eneo la Schengen zilifanya hivyo mwaka 1990, kwamba aliyehukumiwa katika nchi moja na kutumikia adhabu yake hatashtakiwa katika nyingine kwa mambo yale yale. Kusini mwa Afrika, Itifaki ya SADC ya mwaka 2002 kuhusu kurudishana wahalifu inazuia kumkabidhi mtu ambaye amekwisha kupata hukumu ya mwisho kwa kosa hilo.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ulikuwa Arusha. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1994 na kufungwa mwishoni mwa mwaka 2015, ilikuwa na ibara ya 9 katika sheria yake: aliyehukumiwa Arusha asishtakiwe tena katika mahakama ya nchi yoyote kwa matendo hayo. Ibara hiyo ilikuwa na mlango wa kurudi. Aliyehukumiwa kwanza na nchi angeweza kushtakiwa Arusha ikiwa kule tendo lake lilichukuliwa kama kosa la kawaida, au kama mahakama ya kule haikuwa huru.

Kutoka Arusha hiyo hiyo tunapata funzo kuhusu neno "uamuzi". Bernard Ntuyahaga, aliyekuwa ofisa wa jeshi la Rwanda, alijisalimisha mwaka 1998. Machi 1999 mwendesha mashtaka aliiondoa hati ya mashtaka kabla shauri halijasikilizwa. Tanzania ikamshikilia kwa muda mrefu huku Rwanda ikimtaka, na mwaka 2004 akaenda Ubelgiji. Huko Brussels, mwaka 2007, alihukumiwa kifungo cha miaka 20. Hakuwa na kinga ya kudai, kwa sababu Arusha haikuwahi kumtia hatiani wala kumwachia huru. Kuondolewa kwa hati ya mashtaka kulimwacha mahali alipokuwa mwanzo.

Shauri lililoondolewa na shauri lililoamuliwa

Kosa hili la kufikiri tunalikuta hata katika mahakama ya wilaya. Mtu anaambiwa "umeachiwa", anashangilia, wiki ile ile anakamatwa mlangoni mwa mahakama. Yapo maachio ya namna mbili. Mkurugenzi wa Mashtaka akiondoa shauri kwa mamlaka aliyopewa na kifungu cha 91, mshtakiwa huondoka, lakini kuondoka huko peke yake hakuzuii kushtakiwa tena. Mwendesha mashtaka akiondoa shauri chini ya kifungu cha 98 kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea, ni hivyo hivyo. Akiliondoa baada ya mshtakiwa kuitwa kujitetea, basi ameachiwa huru kabisa, na kinga inasimama. Kwa hiyo mtu asitoke mahakamani kabla hajauliza shauri lake limeondolewa kwa kifungu gani na katika hatua ipi, na ayaandike yote mawili.

Shauri kusikilizwa upya kwa amri ya mahakama ya rufani nako si kushtakiwa mara mbili, maana uamuzi wa kwanza umetenguliwa. Hapa pia pana breki. Tangu shauri la Fatehali Manji la mwaka 1966, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, mahakama zetu zinafuata kanuni kwamba shauri hurudiwa pale usikilizaji wa kwanza ulipokuwa na kasoro za kisheria, si kwa ajili ya kumpa mwendesha mashtaka nafasi ya kuziba mapengo ya ushahidi wake.

Kinga hii haijitokezi yenyewe. Mshtakiwa anaposomewa shtaka, aseme hapo hapo kwamba alikwisha kuhukumiwa au kuachiwa huru kwa jambo hilo. Mahakama inapaswa kulichunguza dai hilo kwanza. Likionekana si kweli, ndipo atakapotakiwa kujibu shtaka. Aje na nakala ya hukumu iliyothibitishwa, namba ya shauri, hati ya mashtaka ya kwanza na stakabadhi ya faini. Hakimu wa Morogoro hana njia ya kujua yaliyotokea Makambako kwa kumtazama mtu usoni.

Kosa lililofifilishwa

Makosa mengi ya biashara hayafiki mahakamani. Mkosaji hukiri kwa maandishi mbele ya taasisi, hulipa kiasi kinachopangwa, na kosa hufifilishwa. Utaratibu huu una faida zake: parachichi hazisubiri tarehe ya kutajwa shauri. Sheria nyingi zenye utaratibu huo zinamkinga aliyelipa asishtakiwe tena kwa kosa lile lile. Lakini kinga hiyo inatoka katika sheria inayohusika, na inategemea karatasi. Karatasi hizo ni fomu ya kukiri yenye saini yake, amri ya kufifilisha inayotaja kosa, tarehe, mahali, namba ya gari na idadi ya mzigo, na stakabadhi ya Serikali iliyotokana na namba ya kumbukumbu ya malipo. Fedha iliyotolewa mkono kwa mkono kando ya barabara haikufifilisha kitu. Aliyeitoa hana cha kuonyesha kituo kinachofuata, na huenda amejiongezea kosa jingine, la rushwa.

Tunasisitiza pia: mtu asikiri kosa ambalo hakulitenda ili tu gari liondoke. Kukiri ni kukiri. Ana haki ya kusema shauri liende mahakamani.

Upande wa mlaji

Turudi kwa mkulima na mbolea yake. Amenunua mifuko 20 dukani Makambako, amepandia mahindi, mahindi yamekuwa ya manjano. Muuzaji amekamatwa na kulipa. Je, mlango wa fidia umefungwa? Haujafungwa. Kinga tuliyoieleza inahusu jinai, kati ya Jamhuri na mshtakiwa. Dai la mkulima ni la madai, na fidia si adhabu bali ni kurudishiwa kilichopotea. Mahakama ya jinai yenyewe inaweza, inapomtia mtu hatiani, kumwamuru alipe fidia kwa aliyeumia. Akifungua shauri la madai baadaye, kiasi alichokwisha kupokea huzingatiwa, ili asilipwe mara mbili hasara ile ile.

Hukumu ya jinai, kwa kweli, humsaidia mlaji kuliko wengi wanavyofahamu. Kwa mujibu wa Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, hukumu ya mwisho iliyomtia mtu hatiani, muda wa rufani ukiisha kupita, ni uthibitisho kamili kwamba alitenda kosa lile. Mkulima hana haja ya kuthibitisha upya kwamba mbolea ilikuwa bandia. Hubaki na kazi ya kuonyesha kwamba alinunua hapo na hasara yake ni kiasi gani. Kosa lililofifilishwa halina hukumu, hivyo halimpi msaada huo. Muuzaji hulipa Serikali, faili hufungwa, na mwenye shamba huanza upya na mzigo wote wa kuthibitisha. Sisi tunaona kwamba taasisi zinazofifilisha makosa yaliyowaumiza watu wengine zingepaswa kuwauliza walioumia kabla ya kuweka saini, na mlaji naye asikae kimya. Aende mapema katika ofisi inayoshughulikia shauri, aandikishe jina lake kama aliyeathirika, na aombe kwa barua kujulishwa iwapo kosa litapelekwa mahakamani au litafifilishwa.

Atunze stakabadhi ya dukani, mfuko mmoja usiofunguliwa kama upo, mifuko mitupu yenye namba zake, na picha za shamba zenye tarehe. Aombe nakala ya majibu ya maabara. Na asisubiri mwisho wa shauri la jinai ndipo aanze kuhesabu siku. Kwa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, dai linalotokana na mkataba wa mauziano lina miaka 6, na dai la madhara lina miaka 3, na miaka hiyo huanza kuhesabiwa tangu sababu ya madai ilipotokea, si tangu siku muuzaji alipohukumiwa.